Ufunguo wa 71 na Bati za Mjomba

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Makorora hapa Tanga mjini. Nina mke na mtoto mmoja, na riziki yangu hutokana na duka dogo la steshenari nililopanga Ngamiani, ambako natoa fotokopi, nachapa barua na kuwajazia watu fomu za maombi ya kazi na ya vyuo mtandaoni. Nakuandikia kwa sababu nimeingia katika jambo ambalo kuliendeleza kunanishinda na kuliacha kunanishinda, na kila ninayejaribu kumweleza ama hucheka kabla sijafika katikati, ama huniuliza na yeye atajiunga vipi.

Mwaka jana nilipata habari kwamba mnamo 2015 mtu asiyejulikana aliweka sarafu za Bitcoin, yaani fedha za kidijitali, katika anwani nyingi zilizopangwa kwa namba, kila anwani ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri ambao wenyewe ni namba, na kwamba yeyote atakayeupata ufunguo huo kwa kuutafuta na kompyuta yake anaruhusiwa kuzichukua sarafu. Mafumbo ya namba ndogo yamekwisha kufunguliwa. Mimi ninalifanyia kazi la 71, ambalo ndilo la chini kabisa lililobaki, na zawadi yake ni Bitcoin 7.1. Mwanzoni sikuamini, kwa hiyo nilipakua programu ya kutafutia funguo nikaijaribu kwenye fumbo la 30, ambalo jibu lake linajulikana, na kompyuta yangu ya zamani ikalifungua kwa muda usiozidi dakika mbili. Tangu siku hiyo, Bi Mshauri, usingizi wangu umepungua.

Nilinunua kadi ya grafiki iliyokwisha kutumika, kutoka Dar es Salaam, kwa shilingi 1,150,000, pamoja na pawa saplai ya shilingi 180,000. Kadi hiyo inajaribu funguo milioni 500 kila sekunde, na fumbo la 40 ililimaliza kwa dakika 11. Sasa ni miezi mitano inazunguka usiku na mchana chumbani, na nina kaunta buku ambalo ndani yake naandika kila eneo nililokwisha kulipitia na kulikata kwa kalamu nyekundu. Nimefika ukurasa wa 40. Mwezi uliopita, saa tisa za usiku, programu ilinionyesha anwani ambayo herufi zake 8 za mwanzo zinafanana kabisa na za anwani ninayoitafuta. Nilimwamsha mke wangu. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akauliza kama LUKU itafika asubuhi.

Swali hilo la LUKU ndilo linalotugombanisha. Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya umeme. Zamani tulikuwa katika kundi la matumizi madogo, lakini kwa matumizi haya tumehamishiwa bei ya juu, na mara mbili umeme umekatika akiwa katikati ya nguo ya mteja.

Kuna jingine ambalo yeye halijui. Fedha za kadi si zangu. Mjomba wangu wa Muheza, baada ya kuuza machungwa, alinikabidhi shilingi 1,400,000 nimnunulie bati hapa mjini, kwa kuwa anapaua nyumba yake. Kila Ijumaa baada ya swala hunipigia simu, nami humwambia kwamba bati za rangi aliyoitaka hazijaingia. Kuta zake ziko wazi na vuli inakaribia.

Wiki hii nimealikwa katika kundi la watu wanaounganisha kompyuta zao kulitafuta fumbo hili kwa pamoja. Kiingilio ni shilingi 150,000, na kila mwanachama anapewa programu yao maalumu, ambayo ili ifanye kazi lazima kwanza uzime programu ya kuzuia virusi. Wanataka niiweke hata kwenye kompyuta mbili za dukani. Nisaidie: niendelee peke yangu, nijiunge nao, au niache? Na je, jambo hili ni wizi au kamari, kama jirani yangu mmoja anavyosema? Na mjomba nimwambie nini?

Mtafutaji, Makorora


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukuondolea shaka moja: fumbo hilo ni la kweli, na wanaokucheka hawajui wanachokicheka. Tarehe 15 Januari 2015 muamala mmoja uligawa takriban Bitcoin 32.9 katika anwani 256, na kila anwani ikapangiwa eneo lake la namba ambamo ufunguo wake umefichwa. Mwaka 2017 aliyeziweka alijitokeza bila kujitaja jina, akaeleza kwamba funguo hizo hazina mpangilio wowote wa kugundua, na kwamba alichokusudia ni kupata kipimo, japo cha kukadiria tu, cha nguvu waliyonayo watu ya kuvunja funguo. Mwaka huohuo akazihamisha sarafu za anwani za juu, kuanzia ya 161, akaziongeza kwa zile za chini. Aprili 2023 akazidisha zawadi mara kumi, na ndiyo sababu fumbo lako lina Bitcoin 7.1 badala ya 0.71. Neno ninalotaka ulitazame vizuri hapo ni kipimo. Mtu anayepima kina cha maji kwa kamba hajali kama kamba imegusa chini au haikugusa. Akijua imefika wapi, ameridhika. Wewe, mwanangu, umekuwa sehemu ya ile kamba, na umeme wa kuishusha unaulipa wewe.

Kilichokupotosha ni fumbo la 40. Lingekuwa gumu kidogo tu, ungekata tamaa mapema na bati za mjomba zingekuwa juu ya nyumba. Mafumbo haya yamepangwa hivi: la kwanza ufunguo wake unatafutwa katika namba moja tu, la pili katika namba mbili, la tatu katika nne, la nne katika nane, na kila unapopanda ngazi moja eneo linakuwa maradufu ya lililotangulia. Duka lako liko Ngamiani, kwa hiyo zichukue barabara zetu za namba, ujaalie kwamba Barabara ya 1 ina nyumba moja, ya 2 ina mbili, ya 3 ina nne, na hivyo hivyo. Ukifika Barabara ya 20, barabara hiyo peke yake itakuwa na nyumba 524,288, na mtu anayesambaza barua za mwaliko wa harusi, ambaye barabara za mwanzo alizimaliza kwa miguu kabla jua halijawaka, hapo atakufa na mwaliko mkononi.

Sasa tuiweke kadi yako kwenye ngazi hiyo. Kwa kasi ya funguo milioni 500 kwa sekunde, eneo zima la fumbo la 30 ni kazi ya sekunde moja. La 40 ni dakika 18. La 50 ni siku 13. La 60 ni miaka 36, yaani mtoto wako atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake. La 71 ni miaka 75,000 hivi, na hata tukisema kwamba kwa wastani ufunguo hupatikana ukiwa umefika nusu, bado tunazungumzia miaka 37,000. Wewe ulijaribu la 30, ukajaribu la 40, ukaona mashine inafanya kazi, ukadhani la 71 ni kazi ileile kwa muda mrefu kidogo. Kosa hilo hulifanya hata watu waliosoma sana, kwa sababu akili zetu zimezoea kuongeza, na hapa jambo linazidishwa.

Nimelipigia hesabu lile daftari lako la kalamu nyekundu, kwa kuwa limenigusa kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Miezi mitano ya kazi isiyokoma imekupitisha katika sehemu moja kati ya sehemu 182,000 za eneo zima. Ikiwa sehemu hiyo moja imekula kurasa 40, basi eneo lote linahitaji kurasa zaidi ya milioni 7, ambazo ni kaunta buku zipatazo 38,000 za kurasa 192 kila moja. Wewe ni mwenye steshenari. Unajua mwenyewe kwamba hata ukiziagiza, huna pa kuziweka.

Kama namba hizo bado hazishikiki, mtazame mkeo anapoingiza LUKU. Namba anayobonyeza ina tarakimu 20. Hujawahi, hata usiku ulioishiwa kabisa, kukaa mbele ya mita ukabahatisha tarakimu 20 ukitumaini taa zitawaka, kwa sababu ulijua bila kufundishwa na mtu kwamba huo ni uwendawazimu. Eneo la fumbo la 71 lina namba mara 12 hivi ya namba zote zinazoweza kuandikwa kwa tarakimu hizo 20.

Nije kwenye zile herufi 8 za saa tisa za usiku. Naelewa moyo ulivyokwenda mbio, lakini hazikuwa dalili ya kukaribia. Anwani ya Bitcoin hutengenezwa kwa kuchukua ufunguo wa siri, kuukokotoa hadi ukapatikana ufunguo wa umma, kisha huo kupitishwa katika vinu viwili vya hesabu, SHA-256 na RIPEMD-160, na unga unaotoka huko hauwezi kukuonyesha punje ilitoka shamba lipi. Funguo mbili zilizo jirani, zinazopishana kwa moja tu, hutoa anwani zisizofanana hata kidogo. Na anwani mbili zinazofanana mwanzoni zinaweza kuwa zimetoka katika funguo zilizo mbalimbali kama Pangani na Mwanza. Hakuna joto wala baridi katika mchezo huu, hakuna sauti ya kukwambia umekaribia. Kwa kasi ya kadi yako, kufanana kwa herufi 8 ni jambo la kutarajiwa kila baada ya siku tatu au pungufu ya hapo, na programu ingeweza kukuonyesha mengine mengi kama hilo kama ingetaka kukunyima usingizi zaidi.

Najua utaniambia habari ya fumbo la 69, kwa sababu kila aliyezama katika jambo hili huitaja. Ni kweli, lilifunguliwa Aprili 2025, na ufunguo wake ukakutwa mwanzoni kabisa mwa eneo lake, kabla hata ya asilimia 1 kuisha. Bahati kama hiyo ipo. Lakini asilimia 1 ya eneo la 71, kwa kadi yako, ni miaka 748. Kwa hiyo hata bahati ileile ikikushukia wewe, itabidi iwashukie pia wajukuu wa wajukuu wako, na wote wawe wamekubali kulipa umeme.

Na umeme wenyewe tuuhesabu. Kompyuta yenye kadi kama hiyo, ikivuta wati 250, hula uniti 6 kwa siku. Katika bei ya juu mliyohamishiwa, uniti moja ni takriban shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo, kwa hiyo unatumia shilingi 2,136 kila siku, na kwa miezi mitano umetumia kama shilingi 320,000. Upande wa pili tuweke zawadi. Bitcoin ilivuka dola 100,000 kwa mara ya kwanza Desemba 2024. Tukiichukua bei hiyo, na dola moja tukiihesabu kwa shilingi 2,500, Bitcoin 7.1 ni shilingi bilioni 1.775. Umeme wa kulipitia eneo lote kwa kadi yako ni zaidi ya shilingi bilioni 58. Maana yake ni kwamba kila shilingi 100 unayoingiza kwenye mita inakununulia tumaini lenye thamani ya shilingi 3, na shilingi 320,000 ulizokwisha kutumia zimekununulia tumaini lisilofika hata shilingi 10,000. Hapo sijaihesabu kadi, wala nguo za wateja zilizochelewa.

Kwa wenye kadi maelfu na umeme wa bei nafuu hesabu ni nyingine, na hao ndio unaoshindana nao.

Lakini kuna jambo ambalo nadhani hukuelezwa, nalo ndilo lililonifanya niandike jibu refu kuliko kawaida yangu. Tuseme Mungu amekujaalia, na usiku wa leo ufunguo umepatikana. Ili uzichukue sarafu lazima utangaze muamala, na ukiutangaza, ufunguo wa umma wa anwani ile, ambao hadi sasa haujawahi kuonekana, unakuwa wazi kwa dunia nzima. Mtu mwenye ufunguo wa umma hana haja ya kupita nyumba kwa nyumba kama wewe. Ana njia ya mkato, mbinu ya kangaruu iliyobuniwa na mwanahisabati John Pollard, ambayo badala ya kujaribu namba zote huhitaji hatua zinazokaribia mara mbili ya kipeuo cha pili cha idadi ya namba hizo. Kwa fumbo la 71 hatua hizo ni kama bilioni 70. Kadi yako mwenyewe, hiyohiyo iliyokushinda miezi mitano, ingezimaliza kwa dakika mbili tatu. Wapo watu walioacha mashine zao zikisubiri kazi hiyo tu: muamala wako ukionekana, wanaukokotoa ufunguo, wanatangaza muamala wao wenye ada kubwa kuliko wako, na kwa kuwa fungu jipya la miamala huthibitishwa kwa wastani wa dakika 10, wao ndio wanaotangulia.

Haya si mambo ya kuwaziwa. Septemba 2024 fumbo la 66, lenye Bitcoin 6.6, lilipatikana, na muamala wa aliyelipata ukapokonywa njiani kwa namna hiyohiyo. Ipo njia ya kuupeleka muamala faraghani kwa mchimbaji, yaani yule anayethibitisha miamala, bila kuupitisha hadharani, lakini nimekueleza hayo ili ujue uko wapi, nisingependa uyachukue kama mwongozo wa safari.

Kundi lile sitalizungumzia sana. Mtu anayekutaka uzime kinga ya kompyuta yako ndipo akuingizie programu yake, na juu yake umlipe, amekwisha kukuambia kila unachohitaji kujua. Hata kama kundi ni la watu wema, programu ikipata ufunguo humpelekea aliyeiandika, nawe hutajua kwamba ulipatikana kwako. Ninachokiogopa zaidi ni zile kompyuta mbili za dukani. Humo mna nakala za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na namba za simu za watu wa Ngamiani waliokuja kwako kwa kukuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitamuuliza mwenye kundi kwanza. Itaanza na wewe mwenye duka. Usijiunge.

Ama kuhusu wizi, jirani yako amekosea katika hili moja. Sarafu za fumbo hili ziliwekwa na mwenyewe ili zichukuliwe na atakayeweza, na kuutafuta ufunguo wake hakumdhulumu mtu. Programu ileile ukiielekeza kwenye anwani za watu wengine, hapo umevuka mpaka na kuingia katika mikono ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama hujapata kitu. Kama ni kamari au si kamari, hilo ni swali la dini na unaye sheikh wako; ila ukienda kwake usimwambie tu kwamba unatafuta hazina, mweleze na ile hesabu ya shilingi 3 kwa kila 100, na mweleze fedha ni za nani.

Kwa maana hapo, mwanangu, ndipo barua yako ilipo. Umeandika mengi kuhusu ufunguo na machache kuhusu bati, nami nimesoma yale machache mara tatu. Mjomba wako hakukukopesha. Alikukabidhi amana. Amesubiri miti ichanue, ameajiri wa kuchuma, amebishana na wanunuzi pale Muheza wanaotaka machungwa kwa bei ya kutupa, kisha akachagua kukupa fedha wewe badala ya kuzitunza mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye wa mjini na ndiye unayejua mambo. Na kila Ijumaa anapokupigia, nakuhakikishia kwamba haulizii habari ya bati peke yake. Mzee wa Muheza anajua kwamba Tanga mjini hakukosekani bati za rangi kwa miezi mitano. Anakusubiri useme.

Uza kadi. Hapa mjini wapo wanaohariri video za harusi ambao kadi kama hiyo wataipokea kwa mikono miwili, kwani kwao inaingiza fedha kila Jumamosi; usitarajie uliyoinunulia, lakini ukipata shilingi 850,000 kwa kadi pamoja na pawa saplai, umebakiwa na deni la 550,000. Umeme utakaookoa baada ya kuizima ni zaidi ya shilingi 64,000 kwa mwezi, na hizo zikiwekwa kando bila kuguswa zinamaliza deni hilo kwa muda wa miezi tisa. Ukiongeza kidogo kutoka dukani, nusu ya muda huo. Bati zenyewe zinunue mara moja kwa fedha za kadi, kiasi kitakachotosha upande mmoja wa paa au vyumba vya kulala, maana vuli haitangoja mpango wako wa miezi tisa.

Mkeo aambiwe kabla ya mjomba. Usimwambie usiku, na usimwambie chumbani mbele ya mashine ile. Mwambie fedha zilitoka wapi, na umwonyeshe jinsi deni litakavyolipwa, kisha umwachie aseme atakayosema. Nina hakika atasema mengi, na mengine utayastahili. Huyo ni mwanamke ambaye, mumewe alipomwamsha saa tisa za usiku kumwonyesha herufi nane, aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba hiyo kwa miezi mitano. Daftari la hesabu za nyumba lihamie kwake.

Kwa mjomba usiende kwa simu. Panda gari uende Muheza siku isiyo Ijumaa, ili asidhani umekuja kujibu simu yake, na bati zitakazokuwa zimepatikana zitangulie au mfike pamoja. Usianze kumweleza Bitcoin. Mwambie kwamba fedha zake ulizitumia, kwamba habari ya rangi kutoingia ilikuwa uongo, kwamba hiki ndicho kilichorudi na hiki ndicho kilichobaki, na mtaje tarehe. Akitaka kujua ulizitumia kwa nini, ndipo umweleze, na umweleze kwa ufupi. Kama ndani ya ukoo yupo mtu mzima anayesikilizwa na mjomba, mama yako au shangazi yako, si vibaya afuatane nawe. Ila maneno ya kukiri yatoke kinywani mwako.

Udadisi wako sikuombi uuzime. Kijana aliyejifundisha peke yake mambo ya funguo za siri na za umma, akafunga kadi na pawa saplai kwa mikono yake, ana kitu ambacho wengi wa rika lake hapa Tanga hawana, na wapo wenye ofisi ndogo ndogo kuanzia Chumbageni hadi bandarini ambao kompyuta zao zimejaa virusi na hawana wa kumwita. Mafumbo ya namba ndogo yafungue kadiri upendavyo kwa kompyuta ya zamani. La 30 litakupa dakika mbili za furaha bila kuamsha mtu.

Ila mashine izime kabla ya kwenda Muheza, si baada ya kurudi. Ukiiacha inazunguka, utakaa barazani kwa mjomba huku masikio yako yako Makorora, naye mzee ataona.